Kopo la Lyse Linarudi Tupu

Mwalo wa Nyamihanga,
3 Februari 2026

Mwalimu Leonia,

Shikamoo. Mimi ni mama yake Lyse, yule niliyekuletea mtoto mwezi wa kwanza nikaondoka kesho yake bila hata kukaa tuzungumze. Unisamehe kwa hilo. Boti ya kuja huku kwenye dagaa haimsubiri mtu.

Naandika barua kwa sababu huku simu ni mzigo tu. Ili upate mtandao inabidi upande mlima saa nzima, na msimamizi wetu hapendi kuona mtu ameacha dagaa kwenye chanja wakati mvua iko angani. Feliksi, anayeendesha boti ya mizigo, hupita hapa kila baada ya siku chache. Ukimpa barua pale mwaloni Katonga, boti zinapotia nanga, itanifikia.

Nina jambo dogo na naona aibu kulisema. Lyse anakaa na baba yangu, Mzee Petero. Tangu mama afariki baba anajipikia mwenyewe, na anachojua kupika ni muhogo. Anaulima mwenyewe, anauchemsha mwenyewe, na kwake siku iliyoanza na muhogo wa moto imeanza vizuri. Lakini Lyse ana miaka mitano. Kabla sijaondoka aliniambia kwamba pale kwako kila mtoto anafungua kopo lake mkekani, na kila kopo lina kitu chake, na cha leo si cha jana.

Naomba uniandikie vyakula vya asubuhi vilivyo rahisi, ambavyo mzee anaweza kuvifanya kwa jiko moja la mkaa kabla ya saa moja na nusu. Na kama si usumbufu, umweleze na yeye mwenyewe, maana hajui kusoma. Ningemweleza mimi kabla ya kuondoka, lakini niliona nitamwumiza. Mtu amekulea kwa muhogo, unaanzaje kumwambia kwamba muhogo hautoshi?

Wako,
Révérienne (Mama Lyse)


Gungu, Kigoma
Jumapili, 8 Februari 2026

Mama Lyse,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Siku hizi nani anaandika barua? Wazazi wangu wengine wananitumia sauti za dakika nne kwenye simu, na mpaka nifike mwisho wa sauti mtoto mmoja ameshajikojolea.

Usione aibu kuuliza. Mwaka wa kumi na mmoja huu nalea watoto hapa sebuleni kwangu, na sasa ninao tisa. Saa mbili na nusu tunatandika mkeka, tunanawa, tunaomba, kila mmoja anafungua kopo lake. Hapo ndipo ninapojua nyumba gani imeamka vizuri na nyumba gani imeamka na ugomvi.

Haya, sikiliza. Viazi vitamu mzee avichemshe jioni, pamoja na chakula cha usiku, asubuhi avipashe na kuvimenya basi. Akiviponda na maziwa kidogo, Lyse atalamba kopo mpaka kwenye pembe. Ndizi za kupika azichemshe na karanga za kutwanga na chumvi. Zile mbivu zilizopitiliza, ambazo watu wanatupa, aziponde na unga wa ngano akaange vikate vidogo vidogo, ni kumimina tu, hakuna ufundi. Uji wa ulezi ni wa siku ya mvua, na atie unga wa dagaa kijiko kimoja cha chai, kimoja, akizidisha mtoto atanuna mpaka mchana. Unga huo utume wewe mwenyewe, wewe si ndiye unayelala juu ya dagaa? Yai mara moja kwa wiki, alichemshe, alikatekate ndani ya chapati ya jana. Maharage yaliyobaki usiku aponde apake kwenye mkate. Parachichi vile vile, na ndimu kidogo. Boga halihitaji kitu, lina sukari yake. Na muhogo wenyewe hakuna aliyesema ufukuzwe. Aukate vijiti aukaange kwa mawese kidogo, kesho yake hakuna mtoto atakayejua kwamba ni ule ule.

Mzee wako nimempenda. Kila siku anafika getini na koti lake, anavua kofia, hasemi neno, anaondoka. Na ule muhogo wake sasa. Juzi Lyse kafungua kopo nikamwambia, "Leo tena muhogo? Babu yako atakugeuza mti wa muhogo." Watoto walicheka mpaka Shadia akamwaga chai. Hata Lyse alicheka, au aliinama, sikumwona vizuri.

Kumweleza mzee niachie mimi. Nimeshamchorea. Nimechukua kalenda ya zamani, nyuma yake nimechora chakula cha kila siku kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa: kiazi, ndizi, bakuli la uji, yai, kipande cha boga. Hata asiyejua a wala be atafuata. Kesho nampa mkononi.

Mwalimu Leonia


Mwalo wa Nyamihanga,
14 Februari 2026

Mwalimu,

Shikamoo. Barua ilifika imelowa pembeni lakini yote inasomeka. Niliwasomea wenzangu tunaoanika nao, na wawili wameinakili kwa ajili ya watoto wao huko nyumbani. Mmoja anabisha kuhusu maharage kwenye mkate, anasema hicho ni chakula cha wazungu. Tumemwacha abishe.

Nimempa Feliksi kopo la dagaa wa kusaga ampelekee baba. Ile picha ya kalenda nimeiwaza sana. Namwona baba amesimama mbele yake, mikono nyuma, anaangalia kiazi. Asante kwa kutafuta njia ambayo haitamfanya ajione mjinga.

Neno moja, na usilichukulie vibaya. Lyse si mtoto wa kulia. Akiumizwa anajibu vizuri tu, "sawa", "ndiyo", "asante", kisha anakaa na jambo lake peke yake. Nakueleza ili umjue.

Révérienne


Gungu,
26 Februari 2026

Mama Lyse,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mafua yalipita humu ndani mtoto kwa mtoto mpaka yakanifikia na mimi. Sasa tuko salama. Mzee siku hizi anajitahidi, huwezi kuamini. Kalenda ameibandika ukutani, na juzi kaleta boga, laini, tamu. Nilimsifu mpaka akavaa kofia bila kujua.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeingia wiki moja, na mkekani kwangu kila mtu amekuwa mtakatifu. Shadia anatangaza kwamba amefunga, saa nne akiona andazi anasema funga ya watoto inaishia hapo. Watoto wa Kikatoliki wanashindana nani ameacha sukari. Na Lyse wako, siku ya kwanza kabisa, kaniambia, "Mwalimu, mimi nimefunga. Nyumbani tunamwombea mama." Nilidhani anaiga wenzake. Lakini yeye hajavunja. Leo ni siku ya sita, kopo halitoki mkobani. Wenzake wakila anakaa dirishani na kitabu cha picha.

Najua ninyi wa makanisa ya maombi mna mifungo yenu mirefu, na mimi Mkatoliki siingilii imani ya mtu. Nimewaambia watoto wamheshimu, hata nimemsifu mbele yao. Lakini Mama Lyse, mtoto wa miaka mitano? Nikimbeba namwona anakuwa mwepesi. Nilitaka kumwuliza mzee, ila mtu mzima unamwulizaje habari za funga yake getini mbele za watu? Basi nakuuliza wewe, kwa upole kabisa.

Mwalimu Leonia


Mwalo wa Nyamihanga,
2 Machi 2026

Mwalimu Leonia,

Shikamoo. Sisi hatujafunga.

Naandika hilo kwanza ili usilikose. Kanisani kwetu mtoto hafungi mpaka awe na akili ya kuelewa anachofanya, na baba ana vidonda vya tumbo, hajafunga siku hata moja tangu nimjue. Hakuna mtu aliyemtuma Lyse aniombee kwa njaa.

Kuna jambo lingine. Wiki iliyopita baba alimtuma Feliksi aniambie habari njema, kwamba kopo la Lyse linarudi tupu kila siku. Alisema mtoto anakula siku hizi, mpaka anamwongezea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hapa hapa kwenye chanja. Sasa barua yako inasema kopo halijatoka mkobani siku sita, na barua hiyo hiyo inasema juzi alileta boga laini, tamu. Nimeisoma mara nyingi. Hayo mambo mawili hayakai pamoja. Boga ulijuaje kwamba ni tamu?

Unisamehe kwa ninachokwenda kuuliza. Wewe ni mtu mzima, ni kama mama kwangu, na sijapata namna nyingine ya kukisema. Chakula cha mtoto wangu anakula nani?

Révérienne


Gungu,
Jumatano, 4 Machi 2026

Révérienne,

Barua yako Feliksi kanipa leo saa kumi na nimeisoma nimesimama.

Miaka kumi na moja. Nimelea watoto wa wafanyakazi wa bandari, wa walimu, wa wachuuzi wa soko la Mwanga, mmoja wao sasa yuko kidato cha kwanza na akinikuta njiani ananipokea mzigo. Sijawahi kuonja kopo la mtoto hata kwa ncha ya kijiko. Hakuna mzazi aliyewahi kuniandikia neno kama lako, na sikutarajia litoke kwa mtu ambaye nimekaa Jumapili nzima namwandikia habari za viazi.

Kesho kopo hilo nitalifungua mwenyewe mbele ya watoto wote. Lyse atakula mbele ya macho yangu mpaka amalize, na nitakuandikia alichokula na saa aliyomaliza. Ndipo utajua nani anakula.

Leonia


Gungu,
Jumamosi, 7 Machi 2026

Mama Lyse,

Nianze na la muhimu. Lyse ni mzima. Yuko nyumbani na babu yake, anakunywa dawa, na jana jioni alikuwa anakimbiza bata. Tangu Alhamisi nimepiga simu yako mara kumi na moja na haipatikani. Ile barua yangu ya Jumatano Feliksi hajaondoka nayo, nilimfuata nimnyang'anye, kisha nikaona hapana, isome tu. Ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku moja kabla.

Alhamisi nilimkalisha katikati ya mkeka. Nikatoa kopo mkobani kwa mkono wangu. Ndani palikuwa na vipande vinne vya muhogo, vikubwa, vimefungwa kwenye jani la mgomba ili visipoe. Vilikuwa bado vina moto. Nikamwambia, kula. Akasema amefunga. Nikamwambia mama yako ameniandikia hamjafunga, acha uongo, kula. Wenzake wote walikuwa wanatazama na mimi nilitaka watazame. Alikata kipande akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu, machozi yanashuka na sauti haitoki, akameza. Cha pili alitapika. Kisha akalegea ubavuni kwangu. Mwili wake ulikuwa moto wa homa. Nilikuwa nimemshika mkono tangu alipoingia, na homa hiyo sikuwa nimeisikia.

Zahanati walisema ni malaria, imemkuta tumbo tupu. Muuguzi, dada mmoja anayeitwa Winfrida, aliniambia nikae nje kwenye benchi, akaanza kuzungumza naye kwa Kiha. Mlango haukufungwa vizuri. Lyse alimjibu yote. Muhogo anawapa mbuzi wa jirani, kwenye tundu la ukuta nyuma ya choo changu, halafu anasuuza kopo bombani. Winfrida akamwuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu alicheka."

Walicheka watoto wanane. Yeye akanitaja mimi.

Lipo jingine, na hili ningeweza kulinyamazia usilijue kamwe. Ile kalenda sikumpa mzee. Kuichora niliichora, iko hapa juu ya kabati mpaka leo. Jumatatu ile nilitoka nayo mpaka getini. Walikuwa wamesimama mama wawili na magari yao, na mzee alikuwa na lile koti linalonuka moshi, na nikaona itabidi nisimame naye nimweleze kwa Kiha, maana Kiswahili hakimwingii, hiki kiazi, hii ndizi, mbele yao. Kwenye geti langu nimeandika kwamba hapa tunazungumza Kiswahili na Kiingereza. Nikaikunja kalenda nikajiambia kesho. Kesho yake nikasema keshokutwa. Halafu nikakuandikia kwamba ameibandika ukutani. Boga nililitunga. Siku ile nilikuwa nataka tu barua iwe nzuri.

Na mimi mwenyewe ni Muha, mtoto wa Kasulu, Mama Lyse. Mama yangu alikufa hajui Kiswahili cha kuombea maji. Nilipokuwa msichana nilikuwa namjibu kwa Kiswahili mbele za watu na yeye ananyamaza. Nilidhani mambo hayo yaliisha nilipomzika.

Nimeandika neno samahani mara tatu kwenye karatasi hii na nimelikata mara tatu. Linaonekana dogo.

Leonia


Gungu,
11 Machi 2026
Barua ya Petero Ndizeye, imeandikwa kwa Kiswahili na Eliakimu, mzee wa kanisa, kama alivyoitamka mwenyewe kwa lugha yake.

Mwalimu,

Amahoro, amani kwako. Mkate na machungwa uliyomletea mtoto nimepokea. Ulisimama mlangoni ukaviweka chini ukaondoka. Mimi nilikuwa nimesema karibu.

Yule binti muuguzi wa zahanati alinieleza. Sina hasira. Hasira ni ya vijana, mimi inanichosha. Nina aibu.

Kopo lilianza kurudi tupu nikafurahi. Nikasema mtoto ameanza kuupenda muhogo wangu. Nilikuwa naweka vipande viwili, nikaweka vitatu. Likarudi tupu, nikaweka vinne. Nilikuwa naamka kukiwa bado giza, nachagua ile mizizi ya katikati, isiyo na nyuzi. Jioni nikilala nafurahi. Mtoto alikuwa na njaa na mimi nilikuwa nafurahi. Aibu yangu ndiyo hiyo. Nyingine ni yako, sitaibeba.

Dagaa wa unga aliowatuma binti yangu sikujua ni wa nini. Niliwatia kwenye mboga yangu mwenyewe.

Mtoto nitakaa naye hapa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema, Sogokuru, babu yangu, sikutaka ujue kwamba walicheka.

Eliakimu anasema tuandike kwamba nimekusamehe, ndivyo barua za kikristo zinavyokwisha. Nimemwambia aandike nilichosema.

Petero (alama ya kidole)


Mwalo wa Nyamihanga,
15 Machi 2026

Mwalimu,

Feliksi kanipa barua zako mbili siku moja, ile ya Jumatano na ile ya Jumamosi. Nilizisoma kwa mpangilio wake, kama ulivyotaka. Katikati ya hizo mbili nilikaa chini kwenye mchanga, na wenzangu wakadhani kuna msiba.

Ningepanda boti ile ile. Lakini Feliksi aliniapia kwamba amemwona Lyse kwa macho yake, anakimbia, anacheka, na msimamizi alishasema kwamba atakayeondoka kabla ya kupakia asirudi tena. Nikabaki. Mama gani anabaki? Katika habari hii ya aibu na jina langu lipo, usidhani uko peke yako.

Nilikuuliza nani anakula. Kwa hilo nakuomba radhi, nilikukosea na umri wako.

Kwamba ulicheka muhogo wa baba, hilo nimeshalisamehe, kwa sababu na mimi nimemcheka. Nikiwa darasa la tatu alikuwa akinisindikiza shule, na mimi natembea mbele yake hatua ishirini ili watu wasijue kwamba ni wangu. Alikuwa anajua. Hakuwahi kuongeza mwendo.

Boga sijalisamehe. Nilikuwa nasimama hapa kwenye mvua nageuza dagaa na namwona baba anamenya boga, anaangalia ukutani, anamenya. Nilikuwa nalala na hilo. Ulinipa kitu kizuri ambacho hakikuwepo, na nilipokuwa nacho sikuuliza maswali ambayo mama angeuliza.

Lyse asirudi kwako kwa sasa. Na usiniandikie tena samahani, mimi niko mbali, huku haifanyi kazi yoyote. Kutoka getini kwako mpaka kwa baba ni kuvuka barabara na kupita msikiti. Nitakuja kabla ya Pasaka.

Révérienne


Gungu,
Jumapili ya Matawi, 29 Machi 2026

Mama Lyse,

Samahani sitaandika, umekataza. Naandika kukueleza mtoto wako anakula nini asubuhi.

Nilikwenda siku moja baada ya kupata barua yako, saa kumi na mbili, kabla watoto wangu hawajaanza kuletwa. Nikamwamkia kwa Kiha pale mlangoni, mwakeye. Mzee akaitika, akanisogezea kigoda. Safari hii niliingia. Kalenda sikuichukua, niliona haya kumfundisha mtu kwa picha wakati mdomo ninao. Kiha changu kimeshika kutu. Kuna maneno nikiyasema mzee anageukia ukuta mabega yanatikisika, na mimi naendelea tu kuongea.

Siku ya kwanza tulipika viazi. Ya pili uji wa ulezi, na kabla sijamzuia alishatia vijiko vitatu vya dagaa, tukaunywa sisi wawili bila kutazamana. Ndizi na karanga alizipatia mara moja, karanga anatwanga vizuri kuliko mimi. Vile vikate vya ndizi mbivu viliungua, vikaungua tena, siku ya tatu vikatoka. Alivipanga kwenye sahani kwa duara. Na yeye kanionyesha muhogo wake, wa kuponda pamoja na maharage na mawese, ambao anasema mama yake alikuwa anawapikia watoto wanaong'oka meno. Niliupeleka mkekani kwangu Jumatatu baada ya Idi, ukaisha kabla sijapata sahani. Watoto wakauliza nani kapika. Nikawaambia ni babu yake Lyse, na nikawaambia kwamba siku ile niliyocheka muhogo wake mimi ndiye niliyekosa, si Lyse. Shadia akauliza kama nitachapwa.

Lile bango la getini bado lipo. Kila nikirudi kutoka kwa mzee naliangalia. Sijaliondoa, na sitakudanganya kwamba nimeliondoa.

Sasa Lyse. Siku nne za kwanza hakutoka chumbani mpaka niondoke. Ya tano alitoka akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mzee akamwekea bakuli. Mimi nikamtazama nikitabasamu, kama ninavyowatazama watoto wote, na kijiko kikasimama njiani. Hakulia wala hakununa. Akasema, "Nimeshiba, Mwalimu." Nikageukia beseni nikaanza kuosha sufuria, maana sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Baada ya kitambo nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya. Nikimpa mgongo anakula mpaka mwisho. Nikigeuka hata kidogo anaacha kutafuna, anangoja. Mzee ananionyesha kwa mkono, bado, bado, mpaka mtoto amemaliza. Vyombo vya mzee ni sufuria mbili na vikombe vitatu, kwa hiyo nimejifunza kuosha polepole.

Leonia